UZI: Spika moja, malipo manne. Historia ya ushuru unaofika hadi Sarang'ombe

1/ Kila msimu wa siasa ahadi hii hurudi: "Tutaondoa ushuru wa vifaa vya muziki ndio vijana wajiajiri." Upande wa pili nao hujibu: "Mkifungua mlango hivyo mnaua kazi za mafundi wetu." Watu wanapiga makofi, wengine wanatukanana kwenye komenti, halafu stori inaisha. Hakuna anayeuliza: ushuru upi hasa? Na nani ana mamlaka ya kuuondoa? Tulia hapa, twende polepole.

2/ Kwa nini hii ni stori ya Sarang'ombe? Kwa sababu kuanzia Olympic hadi Gatwekera, spika si anasa. Ni kazi. Kuna DJ wa harusi, kuna kanisa la mabati, kuna jamaa anayekodisha mitambo kwa matanga na mikutano, kuna studio ya chumba kimoja yenye blanketi ukutani. Kibera ina hata redio yake ya jamii, Pamoja FM, iliyoanza 2007. Mikisa, amplifaya na maiki wanazotumia zimepita forodhani, mpya au mtumba. Gharama ya pale bandarini ndiyo inayoamua kijana ataanza biashara mwaka huu au ataendelea kukodisha.

3/ Sasa historia. Ushuru wa forodha hapa kwetu haujawahi kuwa jambo la Kenya peke yake kwa muda mrefu. Serikali ya kikoloni iliunganisha forodha ya Kenya na Uganda mwaka 1917. Tanganyika ikaingia kikamilifu 1927. Yaani redio iliyoshuka Mombasa ilikuwa imeingia soko la nchi tatu. Baada ya uhuru mpango huo ukapewa sura mpya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967. Ikavunjika 1977.

4/ Katikati ya hapo, mwaka 1973, Kenya ikaleta kodi ya mauzo, iliyogusa bidhaa za viwandani na zinazoagizwa. Kumbuka mwaka huo, kwa sababu hapo ndipo malipo ya pili yanapotokea juu ya ushuru wa forodha. Januari 1990 kodi hiyo ikapisha VAT, na VAT ndiyo tuko nayo mpaka leo.

5/ Lakini ukiongea na wazee waliouza redio enzi hizo, hawatakwambia shida ilikuwa asilimia. Shida ilikuwa karatasi. Ulihitaji leseni ya kuagiza, kisha kibali cha kupata fedha za kigeni. Bila hivyo viwili, hata uwe na pesa mfukoni, kontena halikuja. Hoja ya serikali ilikuwa kulinda viwanda na akiba ya dola. Matokeo mengine yalikuwa kwamba aliyejuana na ofisi alipata, na asiyejuana akanunua kwa aliyejuana.

6/ Vizuizi hivyo vililegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. KRA ikaanza kazi Julai 1995, makusanyo ya taifa yakawekwa chini ya paa moja. Biashara ikahamia kwa wafanyabiashara wa kati na wadogo, na Luthuli Avenue ikawa ndio jina la kwanza mtu anataja akitafuta spika Nairobi. Swali likabadilika. Zamani: "Utaruhusiwa kuagiza?" Sasa: "Utaweza kulipia?"

7/ Januari 1, 2005 ndiyo tarehe ambayo wanasiasa wengi huisahau. Siku hiyo Umoja wa Forodha wa Jumuiya mpya ulianza, na ushuru mmoja kwa bidhaa za kutoka nje ya kanda: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa zilizokamilika. Julai 2022 likaongezwa kundi la nne, asilimia 35. Viwango hivi huamuliwa na mawaziri wa nchi wanachama kupitia Arusha. Nchi inaweza kuomba kutumia kiwango tofauti kwa muda, na maombi hayo hutangazwa kwenye gazeti rasmi la Jumuiya. Lakini lazima iombe.

8/ Kwa hivyo mtu akisimama juu ya gari kule Kibera akasema "siku ya kwanza ofisini nafuta ushuru wa forodha wa spika," muulize barua ya Arusha ataiandika lini.

9/ Juu ya hapo kuna tozo mbili ambazo ni za Nairobi kabisa: ya tangazo la uagizaji na ya kujenga reli. Angalia zilivyotembea:
– 2016: tangazo 2%, reli 1.5%
– 2019: tangazo 3.5%, reli 2%
– 2023: tangazo 2.5%, reli 1.5%
– Desemba 2024: tangazo 2.5%, reli 2%
Tozo ya reli ilianza 2013 kwa ajili ya SGR. Treni ya Mombasa–Nairobi ilizinduliwa 2017. Tozo bado ipo.

10/ Tufanye hesabu. Kifaa chako, pamoja na nauli na bima, kina thamani ya Sh100,000. Tuseme kiko kwenye kundi la 25%, kwa viwango vya mwisho wa 2024:
– Ushuru wa forodha: Sh25,000
– VAT 16%, ya 125,000 (si ya 100,000!): Sh20,000
– Tangazo: Sh2,500
– Reli: Sh2,000
Jumla Sh49,500. Karibu nusu ya thamani ya kifaa chenyewe. Na bado hujamlipa wakala wa forodha.

11/ Sasa tutimize ile ahadi. Arusha wamekubali, ushuru wa forodha umekuwa sufuri. Utalipa nini? VAT Sh16,000, tangazo Sh2,500, reli Sh2,000. Jumla Sh20,500. Nafuu ipo na ni kubwa, tusidanganyane. Lakini "bila ushuru" haimaanishi bure.

12/ Hapa kuna kitu hakisemwi kwenye mijadala ya TV. Kampuni kubwa iliyosajiliwa kwa VAT inaweza kudai ile VAT iliyolipa bandarini, ikaikata kwenye VAT inayokusanya kwa wateja. Sheria ya 2013 ililazimisha usajili kwa anayeuza zaidi ya Sh5 milioni kwa mwaka. DJ wa Gatwekera hafiki huko. Anaweza kujisajili kwa hiari, lakini karatasi za kila mwezi si mchezo. Kwa hivyo yeye ile Sh20,000 anaimeza yote. Sheria ni ile ile, lakini mzigo mzito unamwangukia mdogo.

13/ Na wale wanaosema tulinde mafundi? Wana hoja. Fundi wa mtaa anatengeneza boksi la mbao, anakata matundu, anafunga nyaya. Kitu asichotengeneza ni koni yenyewe, hiyo inatoka nje. Kwenye orodha ya forodha, spika tupu na spika iliyo ndani ya boksi ziko chini ya kichwa kimoja, 85.18, ila zina mistari tofauti. Basi ulinzi wa kweli ni kutofautisha: boksi kamili lilipe zaidi, koni tupu ilipe kidogo. Ukitoza vyote sawa, hujamlinda fundi. Umemtoza.

14/ Kumbuka pia 2024. Mswada wa Fedha ulikuja na tozo ya mazingira kwa vifaa vya kielektroniki. Vijana wakaingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani, na mswada ukaondolewa mwezi Juni. Desemba hiyo hiyo, tozo ya reli ikapanda kupitia sheria nyingine. Kelele zilikuwa zimetulia. Somo: usifuatilie mswada mmoja tu wa Juni.

15/ Nami sisemi ushuru wote ni mbaya. Barabara ya kuingia mtaani, maji na zahanati vinahitaji pesa, na asiyetaka kulipa chochote naye anadanganya. Ninachosema ni kwamba anayeahidi aseme nambari. Akija tena kuomba kura, muulize manne:
– Ni ushuru upi kati ya hii minne?
– Ni wa Nairobi au wa Arusha?
– Koni ya fundi italipa kiasi gani?
– Pesa itakayopungua itatoka wapi?

16/ Akijibu yote manne, msikilize hata kama si wa upande wako. Akikwepa, basi anatumia spika ya kukodi kukuahidi spika ya bei rahisi.