Mahali pa Kufia na Mahali pa Kuishi: Mazingira ya Dinosaria wa Tendaguru

Kilima cha Tendaguru, kilichoko takribani kilometa 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kimeelezwa kwa zaidi ya karne moja kuwa nchi ya majitu, yaani makazi ya dinosaria wakubwa walioishi mwishoni mwa zama za Jura, miaka milioni 150 hivi iliyopita. Maelezo hayo yanavutia, na shehena ya mifupa iliyochimbwa hapo inayapa nguvu. Hata hivyo yanachanganya mambo mawili ambayo elimu ya visukuku, yaani mabaki na alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa miambani, hulazimika kuyatenganisha. Mfupa huthibitisha kwamba mnyama alifia mahali fulani au mzoga wake ulifikishwa hapo, lakini peke yake hauthibitishi kwamba hapo ndipo alipokuwa akila, akizaa na kulea. Makala hii inadai kwamba Tendaguru ilikuwa ukingo wa bahari ambako dinosaria wakubwa walishuka kwa majira na kwa dharura, kwamba malisho yao yalikuwa bara, na kwamba hukumu hiyo haipaswi kutandazwa juu ya wanyama wote wa Tendaguru bila kuwapambanua.

Ushahidi wa kwanza umo katika miamba yenyewe. Mashapo ya Tendaguru, yaani mchanga, tope na chokaa vilivyotuama majini na hatimaye kugandamana kuwa mwamba, yamepangana kwa namna inayojirudia: matabaka matatu yenye mifupa ya dinosaria, ambayo wanajiolojia huyaita la chini, la kati na la juu, yametenganishwa na matabaka ya mchanga uliosheheni makombe ya viumbe wa baharini. Mojawapo limepewa jina la Nerinella, konokono wa baharini mwenye kombe refu lililochongoka, na jingine jina la Indotrigonia africana, kiumbe wa jamii ya chaza mwenye makombe mawili mazito yenye matuta. Bahari ilipanda ikafunika nchi, ikarudi nyuma, kisha ikapanda tena, na kila iliporudi iliacha nyuma yake uwanda wa chini ambao haukuwa bahari kamili wala nchi kavu kamili. Sehemu iliyoelekea bahari ilikuwa na kingo za mchanga na za chembe za chokaa zilizoviringishwa na mawimbi hadi zikawa duara; nyuma ya kingo hizo palikuwa na maji matulivu ya kina kifupi, na nyuma yake wangwa, yaani eneo la tope na mchanga linalofunikwa maji yanapojaa na kuachwa wazi yanapokupwa; kisha ulifuata uwanda tambarare wenye vijito na madimbwi. Madimbwi hayo hayakuwa ya chumvi wakati wote, kwa kuwa mashapo yake yana mabaki ya mwani wa maji baridi pamoja na ya viumbe wadogo mno wa jamii ya kamba, wenye makombe mawili yasiyozidi milimita chache. Vinundu vya chokaa vilivyojijenga ndani ya udongo wa kale vinaonyesha, kwa upande mwingine, kwamba mvua ilikuwa ya msimu na kwamba kiangazi kilikuwa kirefu kiasi cha maji ya ardhini kukauka na kuacha chokaa yake.

Anayeijua pwani ya Lindi ya leo atajaribiwa kuweka mikoko katika picha hiyo, na hapo atakosea. Mikoko ni mimea ya maua, na visukuku visivyo na shaka vya mimea ya maua huanza kuonekana katika zama zilizofuata, za Kretasia; nyasi zilichelewa zaidi. Hata ramani ilikuwa nyingine, kwa maana Afrika ilikuwa bado imeungana na Amerika ya Kusini, Madagaska na India zilikuwa zikijitenga nayo zikiwa kipande kimoja, na bahari iliyopiga ukingo wa Tendaguru ilikuwa changa, ikipanuka katika ufa uliofunguliwa na mtengano huo.

Suala la mimea ndilo linaloibeba hoja hii, kwa sababu wanyama wakubwa kabisa wa Tendaguru walikuwa wala majani. Chavua, ule unga wa uzazi wa mimea ambayo ganda lake hudumu miambani kuliko jani au shina, inaonyesha kwamba misonobari ndiyo iliyotawala, na sehemu kubwa yake ni ya jamii iliyokwisha kutoweka, inayohusishwa na mimea iliyostahimili ukame na chumvi. Mimea ya namna hiyo inaweza kuota kwa kutawanyika karibu na pwani, lakini misitu minene inahitaji udongo mzito na maji baridi ya kudumu, mambo ambayo wangwa hauna. Kundi la watafiti wa Ujerumani na Tanzania waliofanya kazi Tendaguru mwaka 2000 lilifikia hitimisho kwamba misitu ilikuwa bara, nyuma ya uwanda wa pwani, na kwamba huko ndiko kulikokuwa na malisho makuu ya dinosaria wa shingo ndefu.

Uzito wa wanyama wenyewe unaliunga mkono hitimisho hilo. Giraffatitan brancai, aliyepewa maelezo ya kitaalamu na Werner Janensch mwaka 1914 kwa jina la Brachiosaurus brancai, amekadiriwa uzito kwa namna zinazotofautiana mno: Edwin Colbert alitaja tani 78 mwaka 1962, ilhali Michael Taylor alipata tani 23 hivi mwaka 2009. Tofauti hiyo inatosha kumfanya mtu asiyaamini makadirio yote mawili kupita kiasi, lakini hata likichukuliwa lile dogo, kundi la wanyama wa kiasi hicho lisingeweza kuishi mwaka mzima kwa vichaka vya ukingo wa bahari. Tena Giraffatitan hakuwa peke yake, kwani katika mashapo hayohayo amekutwa Dicraeosaurus, ambaye shingo yake ilikuwa fupi kwa kadiri ya jamii yake na ambaye alikula mimea ya chini zaidi. Naye alihitaji sehemu yake katika malisho hayo.

Palikuwa na wakati ambapo tatizo hili lilitatuliwa kwa njia rahisi, yaani kwa kuwatia wanyama hao majini. Ilidhaniwa kwamba mnyama mzito kiasi hicho alihitaji maji ya kumbeba, na kwamba shingo ndefu ilimwezesha kuvuta pumzi juu huku mwili ukiwa chini kabisa. Kenneth Kermack alionyesha mwaka 1951 kwamba shinikizo la maji katika kina hicho lingekibana kifua kiasi cha kuyazuia mapafu yasijae hewa, na ujenzi wa mifupa yao, wenye miguu iliyosimama kama nguzo na pingili za uti wa mgongo zenye mianya ya hewa, ni wa wanyama wa nchi kavu. Kwa hiyo ukaribu wa mifupa ya Tendaguru na bahari hauwezi kutumiwa kufufua dhana hiyo.

Kama makazi yao yalikuwa bara, kilichowaleta pwani kinahitaji maelezo. Dale Russell na wenzake walipendekeza mwaka 1980 kwamba ukame ulichangia vifo vingi, huku taarifa za uchimbaji zikitaja miguu ya dinosaria wakubwa iliyokutwa imesimama wima ndani ya tope, mifupa yake ikiwa bado imeshikana, ilhali sehemu za juu za mwili zimetawanyika au hazipo kabisa. Hali hiyo ni ya mnyama aliyezama akakwama, mzoga wake ukaliwa na kuoza ukiwa juu ya ardhi kabla tope halijaufunika. Mara nyingi ukame na tope huwekwa kama maelezo mawili yanayoshindana, lakini ushindani huo ni wa bandia. Kiangazi kinapokausha mito ya bara, wanyama hufuata maji yaliyosalia katika nyanda za chini. Madimbwi yanapopungua huzungukwa na ukanda wa tope laini lenye ganda la juu lililokauka. Na ganda hilo, ambalo mnyama mdogo hulivuka salama, huvunjika chini ya mguu wa mnyama wa tani 20. Ukame ndio uliowaleta, na tope ndilo lililowaua.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mifupa imo katika matabaka yote matatu, na kwamba ziara za dharura haziwezi kujaza mashapo kiasi hicho. Pingamizi hilo linasahau urefu wa muda. Matabaka ya Tendaguru yalijengeka kwa mamilioni ya miaka, na mahali panaponasa mizoga michache tu katika kila ukame mkali, kisha pakaifunika kwa tope kabla haijaharibika, patakusanya mifupa mingi kuliko msitu ambao wanyama walijaa kila siku lakini ambao udongo wake uliozesha kila kilichoanguka. Wingi wa visukuku hupima kwanza uwezo wa mahali kuhifadhi, na idadi ya wakazi huja baadaye, kwa kukisia.

Mambo hayaendi hivyo kwa dinosaria wadogo. Kindope, jirani na kilima, kulipatikana maelfu ya mifupa ya Dysalotosaurus, mla majani mwepesi aliyetembea kwa miguu miwili, na wengi wao hawakuwa wamekomaa. Mkusanyiko wa aina moja, wenye idadi kubwa ya wanyama wachanga, unaashiria kundi lililopatwa na maafa pamoja, na hakuna sababu ya lazima ya kudhani kwamba kundi hilo lilitoka mbali. Kentrosaurus, mnyama wa urefu wa meta nne na nusu hivi, mwenye mabamba mgongoni na miba mirefu kuelekea mkiani, naye alikula mimea ya kimo cha chini, na mahitaji yake yangeweza kutoshelezwa na uwanda wa pwani kwa muda mrefu zaidi. Kuwaweka hawa katika msafara mmoja na Giraffatitan ni kurudia kosa lilelile la kuifanya Tendaguru nchi ya hadithi moja.

Chimbuko la kosa hilo ni historia ya ukusanyaji. Baada ya mhandisi Bernhard Sattler kuikuta mifupa mwaka 1906 na Eberhard Fraas kuichunguza mwaka uliofuata, msafara wa makumbusho ya Berlin, ulioongozwa kwanza na Janensch na Edwin Hennig, baadaye Hans Reck, ulichimba kuanzia 1909 hadi 1913, katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka katika maangamizi ya Vita vya Maji Maji. Tani zipatazo 225 zilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Waliofukua, kutambua na kufunga mifupa walikuwa wenyeji, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, na ustadi wao ulichelewa mno kutambuliwa: Australodocus bohetii alipata jina lake mwaka 2007, na Wamweracaudia keranjei, jina linalowakumbuka Wamwera pamoja na msimamizi Mohammadi Keranje, lilitolewa mwaka 2019. Lengo la waliogharamia msafara lilikuwa mifupa mikubwa inayofaa kusimamishwa ukumbini, na kiunzi cha Giraffatitan kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937, ambacho leo kina kimo cha meta 13.27 na kimeunganishwa kutokana na mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, ndicho tunda lake. Picha ya nchi ya majitu ilichaguliwa na jembe kabla haijachaguliwa na hoja.

Vilivyo vidogo vilisafiri kwa bahati. W. O. Dietrich alieleza mwaka 1927 utaya wa chini wa mamalia mdogo, usio na jino hata moja lililosalia, akauita Brancatherulum tendagurense. Na miaka ya 1990 Wolf-Dieter Heinrich alipata mabaki ya mamalia wengine, akiwemo Staffia, ndani ya mashapo yaliyokuwa yameshikamana na mifupa iliyoletwa na msafara uleule. Meno hayo madogo mno, pamoja na magamba ya samaki na chavua, hueleza maji yalikuwa ya namna gani na mimea gani ilikuwa karibu, mambo ambayo paja la urefu wa meta mbili haliwezi kuyasema.

Haja hiyo ya kuyasoma mazingira kwa ushahidi wa mahali penyewe inaonya dhidi ya kuazima majibu kutoka Marekani. Wanyama wa Tendaguru wamelinganishwa mara nyingi na wale wa miamba ya Morrison, magharibi mwa Marekani, alikopatikana Brachiosaurus wa kwanza aliyeelezwa na Elmer Riggs mwaka 1903. Ulinganisho wa Taylor wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mnyama wa Afrika anatofautiana na yule wa Marekani kiasi cha kustahili jenasi yake, na mazingira nayo yanatofautiana, kwa kuwa Morrison ilikuwa kwa sehemu kubwa nyanda za mito na maziwa za bara, mbali na kupwa na kujaa kwa bahari. Tabia ya makundi ya Marekani haiwezi kuhamishiwa pwani ya Tendaguru kwa hoja ya kufanana kwa mifupa peke yake.

Yanayosemwa hapa yana matokeo katika mjadala wa kurejeshwa kwa mifupa hiyo, ambao umefika hata Bungeni na ambao kwa kawaida humzungumzia yule “mjusi” mkubwa wa Berlin peke yake. Anayetaka kujua nchi ile ilikuwaje ana haja kubwa zaidi na madaftari ya uchimbaji, michoro ya mashimo, mabaki ya mashapo, na vifurushi vilivyofungwa kwa mianzi ambavyo vingine havijafunguliwa tangu vitoke Lindi. Madai ya Tanzania yavitaje vitu hivyo kimoja kimoja, na vyuo vyetu vipeleke Tendaguru wanafunzi wenye chekeche za kuchuja mashapo, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushahidi unaohitajika bado imo ardhini.