Dhamana ya Nafsi: Kuhudhuria kwa Mkosaji, tangu Madina hadi Maingilio ya Mto Ruvuma

Katika vitabu vya fiqhi, ndani ya mlango wa dhamana, wanazuoni wamejadili suala ambalo leo mahakama za nchi nyingi zinalitafutia mashine: vipi mtu mwenye haki ya wenzake shingoni mwake ataachwa atembee, na bado ajulikane alipo? Katika baadhi ya nchi, mkosaji aliye chini ya uangalizi, au mfungwa aliyetoka kwa parole kabla ya muda wake kwisha, haendi tena kila mara ofisini kutia saini. Hupiga simu, au huonyesha uso wake mbele ya kamera, au huvaa bangili inayotoa habari za mahali alipo. Tunakusudia hapa kutazama asili ya jambo hili, kisha tulipime kwa hali ya pwani yetu ya Mtwara, ambako safari ya kwenda kuripoti huweza kuwa adhabu ya pili.

KIFUNGO SI UKUTA

Wengi wetu tukisikia neno kifungo hufikiria ukuta na mlango wa chuma. Ibnul-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria, sawa na 1350 Miladia) ameeleza katika At-Turuq al-Hukmiyya kwamba kifungo cha kisheria si kumweka mtu mahali pa dhiki. Maana yake ni kumzuia asijitendee apendavyo, iwe ni nyumbani, msikitini, au kwa kumkabidhi kwa mdai wake au wakili wa mdai, awe anafuatana naye. Ameeleza pia kuwa zama za Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) hapakuwa na jengo la gereza. Ni katika ukhalifa wa Umar (r.a.), watu walipoongezeka, ndipo iliponunuliwa nyumba ya Safwan bin Umayya huko Makka ikafanywa gereza.

Mfano ulio wazi ni ule wa Thumama bin Uthal, bwana wa watu wa Yamama, ambao Bukhari na Muslim wameupokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Alifungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Madina, na Mtume (s.a.w.) akawa anampitia siku baada ya siku na kumuuliza ana lipi la kusema. Siku ya tatu akaamrisha afunguliwe. Thumama akaenda kuoga, akarudi mwenyewe, akasilimu. Tuzingatie kwamba aliyemhoji alimjia ana kwa ana, akamsikiliza na kuijua hali yake.

Ama katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa pwani hii, Imam Nawawi katika Minhaj amethibitisha kusihi kwa dhamana ya nafsi, yaani mtu kujifunga kumleta mwenzake anapohitajika. Haifai katika hudud zilizo haki ya Allah peke yake. Na ameweka masharti ambayo yanatuhusu sana. Kwanza, anayedhaminiwa awe ameridhia. Pili, akiwa ameghibu na mdhamini hajui alipo, mdhamini halazimishwi kumleta. Akijua alipo, hulazimika, lakini hupewa muda wa kwenda na kurudi, na muda huo ukipita bila ya kumleta ndipo hufungwa yeye. Kwa hiyo sheria imeihesabu njia, na haikumtaka mtu afanye ambalo masafa hayamruhusu.

NCHI YA MIKOKO NA MIPAKA

Masafa hayo kwetu yana maana. Mwaka 1866 David Livingstone alitaka kuanzia safari yake kwenye mlango wa Ruvuma, lakini mikoko na vijito vikamzuia kuwashusha wanyama wake, ikambidi apande kaskazini hadi Mikindani. Hapo Mikindani ndipo ulipokuwa mji wa liwali, na ndipo Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1895. Mtu wa delta aliyeitwa kwa liwali au bomani alikuwa na safari ya mtumbwi na miguu mbele yake.

Na mpaka wenyewe haukutulia. Kionga, kusini ya mto, ilitwaliwa na Wajerumani mwaka 1894, na Wareno wakaichukua mwaka 1916. Jamaa wa ukoo mmoja wakawa raia wa dola mbili bila ya kuhama. Hata leo mtu wa Kilambo au Mahurunga huweza kuwa na shemeji na shamba ng'ambo. Baada ya Kitaya kushambuliwa Oktoba 2020 na wapiganaji waliotoka upande wa Msumbiji, kuvuka kwenda kumwona shemeji kukawa jambo la kutiliwa shaka.

SHERIA ZA NCHI

Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kuwaweka wakosaji chini ya uangalizi badala ya kuwafunga. Baada ya uhuru ikaja Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, kisha Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomwezesha mwenye kosa dogo kufanya kazi za umma badala ya kwenda jela, kwa sharti kwamba mwenyewe akubali. Ndugu msomaji ataona jinsi sharti hili linavyokutana na lile la Minhaj.

Hali kadhalika, atakaye dhamana mahakamani huambiwa alete wadhamini wenye barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Jina kafala halitajwi, lakini jambo ni lile lile: mtu anayekujua anajifunga kwa ajili yako.

MASHINE YAINGIA

Bangili ya kielektroniki ilianza kutumiwa na mahakama mwaka 1983, pale jaji Jack Love wa Albuquerque, Marekani, alipoamuru mkosaji avishwe. Uingereza na Wales ziliieneza mwaka 1999 kwa wafungwa waliotolewa mapema. Mji wa New York nao uliweka mashine ambazo mkosaji huweka mkono wake, akatambuliwa, akajibu maswali na kuondoka bila ya kumwona afisa. Maradhi ya Korona mwaka 2020 yakaifanya simu kuwa njia ya kawaida ya kuripoti katika nchi nyingi.

Hapa Tanzania, mahakama zilisikiliza mashauri kwa video wakati huo huo wa Korona, na mwaka 2021 zikatungiwa kanuni za usikilizaji wa mbali. Laini za simu nazo, kuanzia mwaka 2019, zilisajiliwa upya kwa alama za vidole. Vyombo, basi, vipo. Kilichobaki ni kujua viongozwe vipi.

TUNAVYOONA

Uangalizi wa namna hii unaingia katika taazir, ambayo kiongozi ameachiwa aipime kwa maslahi, na chombo huchukua hukumu ya lengo lake. Mvuvi wa Msimbati anayepoteza siku nzima ya bahari na nauli ili atie saini kwa dakika mbili ameadhibiwa zaidi ya alivyohukumiwa, na watoto wake wameadhibiwa pamoja naye. Ikiwa simu itamwondolea dhara hiyo, basi ni jambo la kheri. Wako wanaosema pia kwamba mashine haili rushwa wala haitii saini kwa ajili ya asiyekuwapo. Hoja hiyo ina uzito.

Lakini tunaona mambo manne hayana budi kuchungwa. La kwanza ni ridhaa, naye aelezwe kwa lugha anayoielewa. La pili, gharama zisiwe juu yake, kwani asiye na fedha za salio atarudishwa gerezani kwa ufukara wake, si kwa kosa lake. La tatu, kukatika kwa mtandao kusihesabiwe kuwa ni kutoroka. Simu iliyo ukingoni mwa Ruvuma huweza kushika mnara wa ng'ambo hali mwenyewe hakuvuka, na kama mdhamini alivyopewa muda wa njia, naye apewe muda wa kujieleza. La nne, mashine ijue lile tu lililoamriwa. Qur'an imekataza kupelelezana (Al-Hujurat, aya ya 12), na kosa moja la mtu halihalalishi nyumba yake nzima.

Juu ya hayo yote, simu isimwondoe mtu. Mashine inaweza kujua alipo mvuvi, lakini haitajua kwamba amepata chombo cha kuvulia, au kwamba ameanza kukaa na waliompoteza. Hayo huyajua imamu wa msikiti wake, mzee wa mtaa, na afisa anayemtembelea. Mtume (s.a.w.) alimpitia Thumama mwenyewe, na aliyefunguliwa akarudi bila ya kamba.

Wallahu aalam.