Mtandao Ukikata, Nani Abebe Kifo?

Uko katikati ya mapigano. Mhusika uliyemlea kwa miezi mitatu amebakiza uhai kidogo, halafu intaneti inakata. Ikirudi, unakuta ameshakufa. Kwenye gemu nyingi angefufuka tu, maisha yakaendelea. Lakini zipo gemu ambazo mhusika akifa ndiyo basi, unaanza upya kabisa. Sasa hasara hii ni ya nani?

Tuanzie Uingereza, Chuo Kikuu cha Essex, mwaka 1978. Wanafunzi wawili, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walitengeneza MUD, dunia ya maandishi matupu ambamo watu kadhaa walicheza pamoja kwenye kompyuta kubwa ya chuo. Ukiuawa vitani, mhusika wako aliweza kufutwa moja kwa moja. Baadaye watu wa nje ya chuo waliruhusiwa kuingia usiku wa manane, wengine kwa modemu na laini za simu. Tangu hapo, uhai wa mhusika ulitegemea pia waya.

Tatizo ni kwamba seva haikuoni wewe. Inapokea ujumbe kutoka kwenye kompyuta yako, na ujumbe ukikoma inabaki na kimya. Kimya cha aliyekatikiwa umeme na kimya cha mjanja aliyechomoa waya baada ya kuona anakufa vinafanana. Ukiwasamehe wote, kifo kinakosa maana. Ukiwaadhibu wote, unamwonea asiye na kosa.

Kampuni ya Blizzard ilichagua kuadhibu wote. Diablo II ya mwaka 2000 ilikuwa na ngazi ya Hardcore, ambapo mhusika hufa mara moja tu. Diablo III, mwaka 2012, ilibana zaidi: hata ukicheza peke yako lazima uwe na intaneti, na ukitaka kutoka ukiwa nje ya mji unasubiri sekunde 10. Wachezaji walionywa mapema kwamba mhusika wa Hardcore harudishwi, hata kama chanzo ni mtandao.

Path of Exile, iliyotoka 2013, ilifuata njia nyingine. Ukijitoa, mhusika anaondoka papo hapo, kwa hiyo kujitoa haraka kukawa mbinu halali ya kujiokoa. Na akifa, hafutwi, anashushwa kwenye ligi ya kawaida. Unafuu upo, ila hofu ya kifo inapungua.

Kisha ikaja World of Warcraft. Mwaka 2023 Blizzard ilifungua seva rasmi za Hardcore kwa toleo la Classic, na msimamo ukabaki uleule: hakuna kufufua. Machi 2025 kundi la OnlyFangs, lililokuwa likirusha michezo yake moja kwa moja, lilipoteza wahusika wengi baada ya seva kushambuliwa kwa DDoS, yaani kufurikwa na ujumbe wa uongo hadi zikazidiwa. Safari hii Blizzard ililegeza kamba na kutangaza kwamba itawafufua waliokufa kwa sababu ya mashambulizi hayo.

Kilichobadilika ni ushahidi. Mtu mmoja akinyamaza, huwezi kujua kwa nini. Watu wengi wakinyamaza kwa mpigo, seva inajua kosa liko upande wake, haina haja ya kukisia nia ya mtu.

Lakini mchezaji aliye peke yake, mwenye intaneti ya kusuasua, bado hana shahidi. Sheria ya "hakuna kufufua" inaonekana sawa kwa wote, kumbe aliye karibu na seva na mwenye mtandao imara anaikwepa kirahisi, na mwenye mtandao mbovu ndiye anayeilipia. Wabunifu wa gemu wanaweza kuendelea kuilinda heshima ya kifo, sawa. Ila wasiseme kwamba kila anayekufa amekufa kwa kushindwa kucheza.