Madoa ya Majani na Majina Yake

Mtu apitaye katika misitu yenye mvua nyingi, kama ile ya milima ya Uluguru, huona juu ya majani mabichi madoa meupe au ya kijivu, akadhani mti unaugua. Mengi ya madoa hayo si ugonjwa. Ni viumbe viitwavyo likeni, navyo hukaa juu ya jani pasipo kulila.

Katika mwaka 1869 Simon Schwendener wa Uswisi alieleza kwamba kila likeni ni wawili waishio pamoja: kuvu ajengaye nyumba, na mwani apikaye chakula kwa nuru ya jua. Wengi walikataa, hata Johannes Müller wa Geneva, ambaye mwenyewe alizipa majina likeni nyingi za majani. Lakini ukweli ulishinda, na hapo likazuka swali: ikiwa wakaaji ni wawili, jina la nyumba lifuate ukoo wa nani?

Rolf Santesson wa Sweden, katika kitabu chake cha mwaka 1952, alizipanga likeni za majani kwa kufuata ukoo wa kuvu. Na kuvu hutambulikana kwa viungo vyake vya uzazi. Vingine vimefunuka mfano wa sahani. Vingine vimefumbwa mfano wa chungu chenye mdomo mwembamba. Ndani yake mna chembe za uzazi, ndogo kuliko vumbi, nazo hutazamwa kwa darubini zijulikane umbo lake na vyumba vyake. Basi madoa mawili yenye rangi moja huonekana kuwa wa mbali, na yasiyofanana yakawa ndugu.

Hata hivyo kiungo chaweza kudanganya. Juu ya likeni nyingine huota vijisikio vidogo vilivyoinama. Wataalamu wa zamani walivihesabu kuwa kuvu wa peke yake, wakaviita Pyrenotrichum. Mwaka 1986 Emmanuël Sérusiaux wa Ubelgiji alionyesha kuwa ni viungo vya likeni zile zile, vitoavyo chembe za uzazi pasipo kuungana kwa mbegu mbili. Sikio lilikuwa limepewa jina la mtu!

Basi, ewe mwanafunzi, uonapo doa juu ya jani, usilihukumu kwa rangi. Chukua kioo cha kukuzia, ukatafute kwanza lizaavyo.