Kadi za mkopo zenye nembo ya klabu: Nani hunufaika?

Katika nchi kama Uingereza na Marekani, shabiki wa michezo anaweza kupata kadi ya mkopo yenye nembo na rangi za timu yake. Kadi hiyo hutangazwa kuwa njia ya kuiunga mkono klabu, lakini anayekopesha, anayetoza riba na anayedai ni benki.

Asili ya mpango huu

Mpango huu ulishika kasi Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale benki ya MBNA ya jimbo la Delaware ilipoanza kutoa kadi kwa wahitimu wa Chuo Kikuu cha Georgetown. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtu huitupa barua ya benki asiyoijua, lakini huifungua ile iliyobeba jina la chuo au timu aipendayo. MBNA ilifunga mikataba na maelfu ya vyama, vyuo na timu, kisha ikaingia Uingereza. Bank of America iliinunua mwaka 2006, na biashara yake ya Uingereza ikachukuliwa na Lloyds mwaka 2017.

Fedha zinavyogawanywa

Katika mkataba wa aina hii, klabu hutoa haki ya kutumia jina na nembo yake, pamoja na njia ya kuwafikia mashabiki. Benki huilipa klabu, kwa kawaida kwa kila kadi mpya, na pengine kwa asilimia ndogo ya manunuzi. Uamuzi wa nani akopeshwe, kiasi gani na kwa riba ipi hubaki mikononi mwa benki.

Benki nayo hupata mapato kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni ada ambayo benki ya muuzaji huilipa benki iliyotoa kadi kila kadi inapotumika. Tangu Desemba 2015, sheria ya Umoja wa Ulaya, ambayo Uingereza iliirithi, imeiwekea ada hiyo kikomo cha asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi. Hivyo, manunuzi ya pauni 10,000 ndani ya Uingereza huleta ada isiyozidi pauni 30, na humo ndimo mna zawadi za shabiki na fungu la klabu. Baada ya kikomo hicho, benki kadhaa za Uingereza zilipunguza zawadi au kufuta kadi za namna hii. Marekani haina kikomo cha kitaifa kwa kadi za mkopo, na ada mara nyingi hukaribia asilimia 2. Ndiyo sababu zawadi za huko ni nono zaidi.

Upande wa pili ni riba. Shabiki anayebeba deni la pauni 1,000 mwaka mzima kwa riba ya asilimia 25 hulipa takriban pauni 250. Ili arudishiwe kiasi hicho kwa zawadi ya nusu asilimia, angelazimika kununua bidhaa za pauni 50,000. Kadi humfaa anayelipa deni lote kila mwezi. Anayelipa kiwango cha chini tu hugharamia zawadi zake mwenyewe, tena kwa bei ya juu.

Haki za mwenye kadi

Nchini Uingereza, sheria ya mikopo ya mwaka 1974 huiwajibisha benki pamoja na muuzaji ikiwa bidhaa au huduma yenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000 haikutolewa kama ilivyoahidiwa. Haki hiyo huambatana na kadi yoyote ya mkopo. Nembo ya klabu haiongezi chochote.

Kabla ya kutia saini, shabiki anapaswa kuuliza mambo manne: riba ni kiasi gani baada ya kipindi cha ofa, kuna ada ya mwaka, zawadi huisha muda lini, na klabu hupata nini hasa. Mkataba wa klabu na benki ukifika mwisho, nembo huondolewa na pointi zaweza kukoma, lakini deni hubaki kwa jina la shabiki. Anayetaka fedha zake ziifikie klabu moja kwa moja ana njia fupi zaidi: kununua tiketi, jezi au kulipa ada ya uanachama.