Kukataliwa, Kuchapishwa na Kutajwa: Kisa cha Jarida Moja la Elimu ya Ardhi

Utangulizi

Katika vyuo vikuu vya siku hizi, kazi ya mtaalamu hupimwa si kwa yale yaliyomo ndani yake tu, bali pia kwa idadi ya wataalamu wengine walioitaja katika maandishi yao. Majarida nayo hupangwa kwa daraja kutokana na hesabu hiyo hiyo. Kipimo hiki kimezoeleka kiasi cha kusahauliwa asili yake, na ni nadra watu kuuliza kinapima nini hasa. Makala haya yanaichunguza historia ya jarida moja la elimu ya ardhi, Journal of Geophysical Research la Marekani, ili kuonyesha jinsi mielekeo ya utafiti inavyobadilika, na jinsi hesabu ya kutajwa inavyoweza kuudhihirisha ukweli na pengine kuuficha. Jarida hilo lastahili kuchunguzwa kwa sababu mwaka 1963 liliyakataa makala mawili ambayo mawazo yake yamekuwa baadaye miongoni mwa nguzo za taaluma nzima. Na haikupita miaka mitano kabla halijawa jukwaa kuu la mawazo ya namna ile ile.

Kisa hiki si cha mbali na Afrika ya Mashariki. Sehemu ya ushahidi wake ilitoka katika Bahari ya Hindi, na sehemu nyingine katika mawe ya Tanganyika. Aidha, ndani yake limo suala la jina moja la Kimaasai, ambalo lawahusu wanaisimu moja kwa moja.

Majina ya jarida na mielekeo ya utafiti

Jarida lilianzishwa mwaka 1896 na Mmarekani Louis Agricola Bauer, na jina lake la kwanza lilikuwa Terrestrial Magnetism, yaani usumaku wa dunia. Ndio mwaka ambao J. W. Gregory alichapisha kitabu chake juu ya Bonde la Ufa, baada ya safari yake ya 1892 na 1893 katika nchi ambayo sasa ni Kenya. Gregory alipita akitazama miamba kwa macho. Bauer na wenzake walipima kwa vyombo nguvu isiyoonekana. Kwa muda mrefu njia hizi mbili za kuijua ardhi zilikwenda sambamba bila kukutana.

Mwelekeo wa jarida unasomeka katika majina yake. Mwaka 1899 umeme wa angahewa uliongezwa katika jina. Mwaka 1949 jina lilibadilishwa likawa lile la sasa, ambalo halitaji nguvu moja wala mbili bali linakumbatia jiofizikia yote. Mwaka 1959 jarida lilichukuliwa na Umoja wa Jiofizikia wa Marekani, ulioundwa mwaka 1919. Wakati huo mataifa mengi yalikuwa yamekwisha kushirikiana katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, uliodumu tangu Julai 1957 hadi Desemba 1958, na vyombo vya kwanza vilikuwa vimerushwa kuizunguka dunia. Makala yalifurika. Hatimaye jarida likagawanyika, na leo lina sehemu kadhaa zinazojitegemea: anga za juu, angahewa, bahari, ardhi ngumu, sayari, uso wa ardhi na nyinginezo. Kilichoanza kama kijito kimoja cha usumaku kimekuwa delta yenye mikono mingi.

Mwaka wa kukataliwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanajiolojia walikuwa bado wamegawanyika juu ya hoja ya Mjerumani Alfred Wegener, aliyoitoa mwaka 1912, kwamba mabara husogea. Wengi waliipinga kwa kuwa hakuweza kueleza ni nguvu gani inayoyasukuma. Mwaka 1962 Harry Hess wa Princeton alitoa wazo kwamba sakafu ya bahari huzaliwa katika safu za milima iliyo chini ya maji, kisha husogea pande zote mbili. Hess mwenyewe, kwa tahadhari, aliiita kazi yake aina ya ushairi wa ardhi. Yafaa kuona kwamba haikutoka katika jarida, bali katika kitabu cha kumuenzi mwanajiolojia mwenzake.

Wazo la Hess lilihitaji ushahidi, nao ulipatikana katika usumaku. Mfaransa Bernard Brunhes alikuwa ameandika mwaka 1906 juu ya miamba ambayo usumaku wake umeelekea kinyume cha ule wa leo. Na mwaka 1929 Mjapani Motonori Matuyama alionyesha kwamba mgeuko huo unafuatana na umri wa miamba. Basi, ikiwa sumaku ya dunia hugeuka mara kwa mara, na ikiwa sakafu ya bahari huzaliwa mfululizo, sharti sakafu hiyo iwe na milia inayopokezana, mmoja wa kawaida na mmoja wa kinyume, mithili ya mkeka uliosukwa kwa rangi mbili.

Watu waliofikia hitimisho hilo kila mmoja kwa njia yake walikuwa katika nchi mbili. Huko Kanada, Lawrence Morley alilipata kwa kutazama ramani za usumaku zilizokwisha kuchapishwa za bahari iliyo magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Huko Cambridge, mwanafunzi Frederick Vine pamoja na msimamizi wake Drummond Matthews walilipata kutokana na vipimo vya meli ya Kiingereza, HMS Owen, vilivyochukuliwa mwaka 1962 juu ya safu ya Carlsberg, katika kaskazini-magharibi ya Bahari ya Hindi. Morley alipeleka waraka wake kwa jarida la Nature mapema mwaka 1963, ukakataliwa. Akaupeleka kwa Journal of Geophysical Research, nao ukakataliwa tena. Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, mhakiki aliona kwamba dhana ya namna hiyo yafaa zaidi kwa maongezi ya karamuni kuliko kwa kurasa za jarida la sayansi. Mnamo Septemba mwaka huo huo, Nature lilichapisha makala ya Vine na Matthews.

Mkanada mwingine, J. Tuzo Wilson, alipata mkasa wa namna hiyo. Makala yake juu ya asili ya visiwa vya Hawaii, yaliyoeleza kwamba visiwa hivyo vilizaliwa kimoja baada ya kimoja wakati sakafu ya bahari ilipopita juu ya chimbuko la joto, yalikataliwa na jarida lilo hilo. Yalitoka mwaka 1963 katika jarida la fizikia la Kanada, ambalo wanajiolojia wengi hawakulisoma.

Mwaka wa kupokewa

Tofauti ya mwaka 1968 ni kubwa. Katika juzuu ya 73 ya Journal of Geophysical Research yalitoka makala manne ambayo hata leo hayakwepeki katika historia ya taaluma hii: ya Jason Morgan juu ya mabamba ya gamba la dunia, ya James Heirtzler na wenzake juu ya milia ya usumaku katika bahari zote, ya Mfaransa Xavier Le Pichon, aliyeigawa dunia katika mabamba makubwa sita na kukokotoa mwendo wake, na ya Bryan Isacks, Jack Oliver na Lynn Sykes, waliounganisha nadharia hiyo na matetemeko ya ardhi. Ni halali kusema kwamba juzuu hiyo moja ilibadili fikira za wanajiolojia.

Lakini msomaji asidhani kwamba waandishi hao waliamini tangu mwanzo. Mwaka 1965 Heirtzler na Le Pichon walikuwa wameandika katika jarida hilo hilo juu ya milia ya Bahari ya Atlantiki, na hawakuikubali tafsiri ya Vine na Matthews. Vipimo vipya vya mwaka 1966 kutoka Bahari ya Pasifiki ndivyo vilivyowageuza. Hapa pana funzo la kwanza kuhusu hesabu ya kutajwa: kutaja si kukubali. Anayepinga hutaja, na anayeunga mkono hutaja. Mashine ya kuhesabu huwaweka katika kapu moja.

Kuzaliwa kwa hesabu

Kwa bahati, hesabu yenyewe ilizaliwa katika miaka iyo hiyo. Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza mwaka 1955 kwamba itungwe fahirisi ya kuonyesha kila makala yametajwa na nani. Kuanzia mwaka 1964 taasisi yake ya Philadelphia ilitoa fahirisi hiyo kwa mfululizo, na kuanzia mwaka 1975 ikatoa taarifa za kulinganisha majarida. Kipimo kilichopata sifa zaidi ni kile cha athari. Huhesabiwa mara ambazo makala ya jarida ya miaka miwili iliyotangulia yametajwa katika mwaka fulani, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya makala yaliyochapishwa katika miaka hiyo miwili. Kusudi la awali lilikuwa dogo na la busara, nalo ni kuchagua majarida ya kuingizwa katika fahirisi. Kupandishwa vyeo kwa wahadhiri kulikuja baadaye.

Kipimo hicho kikiwekwa mbele ya kisa hiki, kasoro zake zaonekana. Kwanza, muda wa miaka miwili haulingani na mwendo wa elimu ya ardhi. Brunhes aliandika mwaka 1906, na ni mwaka 1964 ndipo Allan Cox na wenzake walipolitoa jina lake kwa kipindi cha sasa cha usumaku wa dunia. Kwa kipimo cha miaka miwili, kazi yake isingeonekana kuwa na athari yoyote. Pili, kazi hufanikiwa mno hata ikaacha kutajwa. Mwaka 1979 Thomas Hanks na Hiroo Kanamori walichapisha katika jarida hilo kurasa tatu tu juu ya kipimo kipya cha ukubwa wa matetemeko. Makala hayo yametajwa sana. Hata hivyo kila mara redio inapotangaza ukubwa wa tetemeko kuu, kipimo chao hutumika bila majina yao kusikika. Tatu, kitabu kama kile kilichobeba wazo la Hess hakiliongezei jarida lolote sifa. Nne, na hili ndilo zito, lililokataliwa haliwezi kutajwa. Morley hakuwa na ukurasa wa kuonyesha hadi mwaka 1964, sehemu ya hoja yake ilipotoka katika chapisho la Kanada. Leo nadharia hiyo huitwa kwa majina matatu, la Vine, la Matthews na la Morley. Lakini haki hiyo ililetwa na watu waliokumbuka na kusimulia, wala haikuletwa na fahirisi.

Mwanasosholojia Robert Merton alieleza mwaka 1968 jinsi mwanasayansi mwenye jina anavyozidishiwa sifa huku asiye na jina akipunguziwa hata kidogo alicho nacho. Kutajwa huzaa kutajwa.

Jina lililopotoka

Athari ya marudio haya haiishii kwa watu. Mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay walichapisha katika Nature vipimo vya usumaku vya mawe ya volkeno kutoka tabaka la chini kabisa la bonde ambalo ulimwengu unaliita Olduvai. Mawe hayo yalionyesha usumaku wa kawaida katikati ya kipindi kirefu cha kinyume, kile kilichopewa jina la Matuyama. Tangu hapo kipindi hicho kifupi, cha tangu yapata miaka milioni 1.95 hadi milioni 1.77 iliyopita, huitwa Olduvai, na huonekana katika tope la vilindi vya bahari zote za dunia.

Hali kadhalika, Wamaasai hawana neno hilo. Jina lao ni oldupai, yaani mkonge-mwitu unaoota mahali hapo. Wageni wa Kijerumani wa mwanzo wa karne ya 20 walilisikia visivyo, wakaliandika walivyosikia. Kila mwandishi alimtaja aliyemtangulia, na kila kutajwa kukalipa kosa nguvu ya usahihi. Makala kwa maelfu hayawezi sasa kurudishwa nyuma. Hapa hesabu ya kutajwa imekuwa kipimo cha kuenea, na kuenea si ukweli.

Desturi ya zamani ya kutaja ilikuwa na busara yake. Wanazuoni wa Hadithi, ambao elimu yao imesomeshwa Lamu na Unguja kwa karne nyingi, hutaja mlolongo wa wapokezi ili kila mmoja apimwe uaminifu wake. Watunzi wa tendi nao walizoea kutia jina lao, tarehe na idadi ya beti mwishoni, ili kazi isipotee mwenyewe. Swali lao lilikuwa: nani amepokea kwa nani, na je, ni wa kuaminiwa? Swali la fahirisi ni: wangapi?

Hitimisho

Jarida lililokataa mwaka 1963 halikuwa jarida baya, wala wahariri wake hawakuwa wajinga. Walilinda mlango wa taaluma kwa desturi za wakati wao. Kipimo cha athari nacho si uzushi, maana juzuu ya 73 ilitajwa sana kwa sababu ilistahili. Kosa huingia pale ambapo hesabu hugeuzwa hukumu. Wanasayansi wenyewe wamekwisha kulikiri hilo: azimio lililoanzia San Francisco mwaka 2012 lilizitaka taasisi zisiwapime watafiti kwa sifa za majarida wanamochapisha.

Kwa majarida ya lugha za Kiafrika jambo hili si la kinadharia. Hata matokeo ya utafiti mkubwa wa Bonde la Ufa la Kenya, uliofanywa kwa ushirikiano wa mataifa katika miaka ya 1985, 1990 na 1994, yalipata makao katika jarida la Ulaya. Kamusi ya lahaja, mkusanyo wa majina ya mimea, au maelezo ya mzee mmoja wa Kimaasai kuhusu bonde lake huenda visitajwe na mtu katika miaka miwili. Yawezekana kwamba baada ya miaka 50 ndivyo vitakavyosahihisha ramani. Mhariri anayevipokea leo, na mwandishi anayemtaja kwa jina mtu aliyemweleza, huweka akiba ambayo fahirisi haijui kuihesabu.