Kwa nini kiti cha omo huumiza mgongo

Aliyewahi kupanda boti ya kasi kutoka Lamu hadi Faza bahari ikiwa imechafuka anafahamu: abiria wa omo hurushwa juu na kubamizwa kitini, ilhali mwenzake aliyeketi karibu na injini hutikiswa tu. Tofauti hiyo hupigiwa hesabu kabla boti haijaundwa.

Ikienda polepole, boti huelea kama chombo kingine chochote. Ikishika kasi, maji yanayogonga tumbo lake huiinua, nayo huteleza juu ya uso wa bahari. Tangu hapo kila wimbi huwa mithili ya tuta barabarani.

Mnamo 1964, Daniel Savitsky wa Taasisi ya Stevens iliyoko Hoboken, Marekani, alichapisha kanuni za mwendo wa boti hizo kwenye maji shwari. Mwaka 1971 Gerard Fridsma, wa maabara hiyo hiyo, alitoa matokeo ya kukokota vielelezo vya boti katika mawimbi yasiyo na mpangilio. Matokeo hayo ndiyo Savitsky na mwenzake, Brown, waliyoyageuza mwaka 1976 kuwa kanuni fupi ambayo wahandisi wangali wanaitumia.

Kwa kanuni hiyo, kishindo cha katikati ya boti hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Omo ikiinuka nyuzi 6 badala ya 4, kishindo huongezeka kwa nusu. Tumbo lililochongoka kwa nyuzi 20 badala ya 10 hukipunguza kwa robo. Ndiyo siri ya boti za tumbo la kina za Raymond Hunt, ambazo sifa yao ilienea baada ya moja, Moppie, kushinda mashindano ya Miami hadi Nassau mwaka 1960 katika bahari kali. Gharama yake ni injini yenye nguvu zaidi.

Kuhusu omo, chukua boti ya urefu wa futi 36 na upana wa futi 9, ikienda maili 24 za baharini kwa saa. Kishindo cha omo ni takriban mara 2.7 ya kile cha katikati.

Lakini hizo zote ni wastani, na wastani hauvunji mgongo wa mtu. Kwa hesabu hizo hizo, sehemu moja ya kumi ya vishindo vikubwa zaidi huwa na wastani wa mara 3.3. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2002, uliweka kikomo cha mtikisiko kwa wafanyakazi, na ukaruhusu pia kipimo cha kipeo cha nne, ambacho hakifichi vishindo vichache vikali.

Nahodha hawezi kuchonga tumbo upya akiwa baharini. Anaweza kuwasogeza abiria nyuma, japo uzito ukizidi huko omo huinuka. Anaweza pia kupunguza kasi: boti ile ikishuka kutoka maili 24 hadi 17, na omo isiinuke zaidi, kishindo cha katikati hupungua kwa nusu.